Pazia la skrini limeshuka, mbona betri bado inakwisha?

Ndugu Mshauri,

Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni kukuomba ushauri juu ya jambo linalonisumbua kwa miezi kadhaa sasa. Mimi ni mfasiri, sioni kabisa tangu utotoni, na kazi yangu yote naifanya kwa kompyuta mpakato yenye Windows pamoja na programu ya kusoma skrini ya NVDA. Siku nyingi huwa mbali na umeme kwa saa tano au sita, hivyo betri ikizimika na kazi imesimama.

Kwa muda mrefu betri ilinipa saa tatu hivi, nami nikaamini kwamba ndivyo zilivyo kompyuta zote. Siku moja nikiwa safarini, abiria aliyeketi kando yangu alinisomea kwa sauti sentensi niliyokuwa nimetoka kuiandika, kisha akasema kwamba skrini yangu inang'aa kiasi cha kumuumiza macho. Nilishikwa na aibu mara mbili: kwanza kwamba hati ya mteja wangu imesomwa na mtu nisiyemjua, na pili kwamba muda wote huo nilikuwa nateketeza umeme kuwamulikia wengine kitu ambacho mimi sikioni.

Nilimweleza rafiki yangu, ambaye naye haoni na hutumia iPhone, akaniambia kwamba yeye hushusha pazia la skrini, yaani amri inayoifanya skrini iwe nyeusi, betri ikadumu na hakuna anayemchungulia. Nikatafuta amri ya pazia katika NVDA, nikaibonyeza mara mbili kama nilivyoelekezwa, nikasikia mlio wake. Nilifurahi sana, lakini sikuona tofauti yoyote: saa tatu zilibaki kuwa saa tatu.

Wiki chache baadaye mwenzangu kazini alitaka nimwonyeshe hati fulani, akasema kwamba kioo ni cheusi. Habari ya pazia ilikuwa imenitoka kabisa akilini. Nikaipeleka kompyuta kwa fundi, naye akasema kwamba picha huonekana kidogo wakati kompyuta inawaka kisha hupotea, kwa hiyo kioo kimekufa na sharti kibadilishwe. Akaongeza kwamba, kwa kuwa mimi sioni, ninaweza kuendelea nayo hivyo hivyo. Niliondoka bila kumjibu, ila neno hilo limenikaa moyoni. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka pazia, nikaliondoa, na dada yangu akaniambia kwamba picha imerudi.

Naomba kujua kwa nini pazia halikuisaidia betri. Je, iko njia ya kuizima skrini kabisa huku nikiendelea na kazi, bila kuidhuru kompyuta? Na nifanyeje ili niijue hali ya skrini yangu mimi mwenyewe, bila kumsumbua mtu kila mara?

Ni mimi,
Mfasiri Asiyeona

Ndugu Mfasiri,

Rafiki yako hakukudanganya, wala wewe hukukosea kubonyeza. Ninyi wawili mnatumia jina moja kwa vitu viwili tofauti. Katika iPhone, ambako programu ya kusoma skrini ya VoiceOver iliingia mwaka 2009, kushusha pazia huizima skrini yenyewe: simu inaendelea kufanya kazi na kuupokea mguso wako, lakini kioo hakitoi mwanga. Katika NVDA, pazia linaiamuru Windows ipake rangi nyeusi juu ya kila kitu kinachopaswa kuonekana. Huko ni kuficha maandishi, na kuficha maandishi si sawa na kuzima taa.

Tofauti hiyo inatokana na namna skrini zilivyoundwa. Kompyuta mpakato nyingi zina skrini ya aina ya LCD, ambayo nukta zake hazitoi mwanga wowote zenyewe. Nyuma yake kuna taa inayomulika eneo lote, na kila nukta hufanya kazi kama kidirisha kinachofunguka kuupitisha mwanga huo au kufunga kuuzuia. Skrini ya namna hiyo ikipakwa nyeusi, vidirisha vyote hufungwa, lakini taa iliyo nyuma inaendelea kuwaka kwa nguvu ile ile uliyoiacha. Wewe ulikuwa umefunga madirisha ya nyumba ambayo taa zake zote zinawaka. Skrini ya OLED ni habari nyingine, kwa sababu kila nukta yake hujiwakia yenyewe na nukta nyeusi huwa imezimika. Mwenye kompyuta ya OLED akishusha pazia la NVDA, au lile la JAWS, programu nyingine ya kusoma skrini, ambalo hushushwa kwa Insert na Nafasi kwa pamoja kisha F11, anaokoa umeme kweli. Kwa simulizi yako, ya kwako bila shaka ni LCD.

Kwa hiyo pazia liache lifanye kazi yake halisi, nayo ni kulinda faragha, na taa uishughulikie kando. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na A ili kufungua mipangilio ya haraka, sogea kwa Tab hadi usikie kitelezi cha mwangaza, kisha bonyeza mshale wa kushoto huku NVDA ikikutajia asilimia zinavyoshuka. Usishangae ukikuta ilikuwa 100. Ishushe hadi 0. Katika mashine chache sifuri huizima taa kabisa. Katika nyingi hubaki mwanga hafifu, ambao hula umeme mdogo sana ukilinganisha na ule wa awali. Usiishie hapo. Ingia katika mipangilio ya skrini, na kama kompyuta yako ina kihisio cha mwanga, zima ule uwezo wa kubadilisha mwangaza wenyewe kulingana na mahali ulipo, kwa maana ukiketi penye jua uwezo huo utapandisha taa bila wewe kuambiwa. Pia Windows inaweza kutunza kiwango kimoja cha mwangaza kwa wakati wa betri na kingine kwa wakati wa chaja, hivyo kagua asilimia hizo mara baada ya kuchomoa waya, si ukiwa bado umeuchomeka. Uliza vilevile kama kibodi yako ina taa chini ya vitufe. Taa hiyo ipo kwa ajili ya macho peke yake, na nimekutana na wasioona walioibeba ikiwaka kwa miaka bila hata kujua kwamba ipo.

Je, faida yake ni kubwa kiasi gani? Chukua mfano wa betri yenye uwezo wa wati-saa 45, ndani ya kompyuta inayotumia wati 9 kwa kazi ya kuandika: itadumu saa 5. Ikiwa wati 3 kati ya hizo 9 zilikuwa za taa ya skrini, nawe ukaziondoa, zinabaki wati 6, na betri ile ile itadumu saa 7 na nusu. Namba za mashine yako zitakuwa tofauti, lakini kwa mtu anayeandika na kusikiliza tu, bila video wala michezo, skrini huwa miongoni mwa walaji wakubwa wa umeme. Mwenye kuona analipa gharama hiyo kwa sababu anapata kitu. Wewe huna sababu ya kuilipa.

Kuna jambo la pili ambalo hukulitaja, nami nalishuku sana kwa sababu wafasiri husikiliza hati ndefu. Kuanzia toleo la 2025.1, NVDA ina chaguo linalozuia skrini isizimike wakati inasoma mfululizo au wakati mtu anasoma kwa kifaa cha nukta nundu, na chaguo hilo huja likiwa limewashwa. Liliwekwa kwa nia njema: watu walikuwa wakisikiliza sura nzima ya kitabu, kompyuta ikadhani imeachwa peke yake, ikajifunga katikati ya sentensi. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba skrini inabaki inawaka muda wote unaposikiliza, na watengenezaji wenyewe wanashauri lizimwe na yeyote anayeona betri yake inakwisha upesi. Utalikuta katika mipangilio ya NVDA, kundi la mipangilio ya jumla. Ukishalizima, nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, uamuru skrini izimike baada ya dakika 1 ukiwa kwenye betri, lakini muda wa kompyuta kulala uuweke mrefu, tuseme nusu saa, ili usikilizaji wako usikatizwe. Kuzimika kwa skrini na kulala kwa kompyuta vinapangwa kila kimoja peke yake, jambo ambalo wengi hawalijui.

Njia hiyo ina upungufu mmoja: mara unapogusa kitufe chochote, skrini huwaka tena. Inakufaa unaposikiliza, haikufai unapoandika. Hapo ndipo linapokuja swali lako la pili, nami najibu kwamba ndiyo, skrini inaweza kuzimwa kabisa huku ukiendelea na kazi, wala kompyuta haidhuriki kwa kukosa mwanga.

Njia ninayoipenda ni ya kufunga kifuniko. Bonyeza kitufe cha Windows, andika neno "lid" kama Windows yako ni ya Kiingereza, na utafikishwa mahali pa kuchagua kompyuta ifanye nini kifuniko kinapofungwa. Chagua isifanye lolote. Kisha unganisha kibodi ya nje, iwe ya waya au ya Bluetooth, funga kifuniko, na uendelee kuandika. Skrini huzimika yote, taa na picha, hakuna wa kukuchungulia, na mezani panabaki kibodi na kisanduku kilichofungwa. Watu wasioona wamefanya kazi hivi kwa miaka mingi, na mara kadhaa nimesikia wakiombwa radhi na wenye kuona waliodhani kwamba kompyuta imezimwa.

Njia hii, hata hivyo, inadai nidhamu ya aina mbili. Baadhi ya kompyuta hupumulia kupitia kibodi au karibu na bawaba za kifuniko, hivyo ukiifunga huku ikifanya kazi nzito itapata joto, na joto huzeesha betri. Iweke juu ya kitu kigumu, kamwe isiwe juu ya mto au blanketi, na uiguse mara kwa mara kwa kiganja. Ikiwa moto kuliko ulivyoizoea, ifungue. La pili ni zito zaidi: kompyuta iliyoamriwa isifanye lolote kifuniko kinapofungwa haitalala ukiitia mkobani. Itaendelea kuwaka humo ndani, bila hewa, hadi betri iishe au kitu kiungue. Kwa hiyo, mahali pale pale ulipopangia kifuniko, panga na kitufe cha kuwashia, kwamba kikibonyezwa kompyuta ihifadhi kila kitu kwenye diski na kuzimika kabisa, yaani ule usingizi mzito, si usingizi wa kawaida. Kama chaguo hilo halionekani, amri "powercfg /hibernate on", ikiandikwa kwenye dirisha la amri lenye mamlaka ya msimamizi, hulirudisha katika mashine zinazoliruhusu. Jizoeze kubonyeza kitufe hicho kabla ya kugusa mkoba. Usingizi wa kawaida katika kompyuta nyingi za siku hizi si usingizi hasa. Mashine hubaki macho kidogo ikisikiliza mtandao, na asubuhi unaweza kukuta betri imepungua sana bila hata neno moja kuandikwa.

Usiyependa kubeba kibodi ya pili, iko njia nyingine. Vinauzwa vijiti vidogo vya HDMI ambavyo ukivichomeka huifanya kompyuta iamini kwamba imeunganishwa na skrini ya nje. Baada ya hapo, kwa kitufe cha Windows pamoja na P, unachagua kuonyesha kwenye skrini ya pili peke yake, na skrini ya kompyuta huzimika ingawa kifuniko kiko wazi. Ni ujanja mzuri, ila katika baadhi ya kompyuta, hasa zilizotengenezwa kwa ajili ya michezo, tundu la HDMI limeunganishwa na kadi kubwa ya michoro. Ukilitumia, kadi hiyo inaamka na kula umeme kuliko ule uliookoa kwenye skrini. Pima kwanza kwa siku moja ya kazi kabla ya kuutegemea.

Sasa nije kwenye swali lako la tatu, ambalo kwangu ndilo lenye uzito, kwa kuwa kilichokuumiza kwa fundi hakikuwa betri. Ulikuwa umesimama mbele ya mtu anayekueleza habari za kifaa chako, nawe huna pa kuthibitishia.

Kiwango cha betri utakisikia kwa kubonyeza kitufe cha NVDA (kwa kawaida Insert) pamoja na Shift na B. Asilimia za mwangaza umeshajua zinakosikika. Hali ya pazia nayo inasikika, kwa sababu NVDA hutoa mlio na kutamka linaposhushwa na linapoondolewa. Ila zingatia hili: kitufe cha NVDA, Control na Escape vikibonyezwa mara moja, pazia huwa la muda, nalo huondoka NVDA inapoanzishwa upya, vikibonyezwa mara mbili, pazia hubaki hata kompyuta ikizimwa na kuwashwa. Wewe ulibonyeza mara mbili, ndiyo maana lilikufuata hadi kazini na hadi kwa fundi. Siku hizi nakushauri ubonyeze mara moja tu unapoketi penye watu. Ukilisahau, litaondoka lenyewe utakapoianzisha NVDA upya. Ujue pia kwamba uwezo wa Windows wa kutambua maandishi yaliyo ndani ya picha, ambao wewe mfasiri wa hati zilizopigwa picha bila shaka unauhitaji, NVDA haitaufanyia kazi mpaka uondoe pazia kwanza.

Kwa uthibitisho ulio nje ya kompyuta, tumia simu. Programu ya Seeing AI ya Microsoft, inayopatikana kwa iPhone na Android, ina sehemu ya kupima mwanga kwa sauti: mwanga ukizidi, mlio unapanda, ukipungua, mlio unashuka. Ingia katika chumba chenye giza, ondoa pazia, fungua ukurasa mtupu mweupe ili ujaze skrini yote, kisha elekeza kamera ya simu kwenye kioo huku ukibadilisha mwangaza kutoka 0 hadi 100. Utausikia mwangaza wa skrini yako ukipanda na kushuka. Usijaribu kipimo hiki pazia likiwa limeshuka, maana skrini ya LCD iliyopakwa nyeusi hupitisha mwanga kidogo mno, na simu inaweza kukuambia kwamba ni giza hali taa ya nyuma inawaka kwa nguvu zote. Ukihitaji jicho la mtu, programu ya Be My Eyes, iliyoanza mwaka 2015, hukuunganisha kwa video na mtu wa kujitolea anayeona. Funga kwanza hati za wateja kabla ya kumwelekezea skrini.

Yote haya hayatakusaidia sana ikiwa betri yenyewe imechoka, na betri ya kukupa saa tatu tu inastahili kuchunguzwa. Fungua dirisha la amri, andika "powercfg /batteryreport", na Windows itaandika ripoti na kukutajia mahali ilipoihifadhi. Ifungue kwa kivinjari. Ina vichwa na majedwali ambayo NVDA huyasoma vizuri. Tafuta namba mbili: uwezo ambao betri iliundwa nao, na uwezo inaoufikia sasa ikijazwa. Ikiwa iliundwa kwa 45,000 na sasa inajaa kwa 27,000, maana yake imebaki asilimia 60, na hakuna ujanja wa skrini utakaozirudisha 40 zilizopotea. Ni ya kubadilishwa. Ikiwa bado iko juu ya asilimia 80, basi mlaji wako alikuwa taa, na utaisikia tofauti siku ya kwanza. Kisha rudi katika mipangilio ya umeme ya Windows, pandisha kiwango cha onyo la betri hadi asilimia 25. Mwenye kuona hutupia jicho alama iliyo pembeni ya skrini wakati wowote. Wewe unahitaji kuambiwa mapema, ungali na muda wa kumaliza ukurasa.

Kuhusu fundi, alikosea mara mbili. Kioo kilichokufa hakionyeshi picha wakati wa kuwaka. Picha iliyoonekana hadi NVDA ilipoanza, kisha ikapotea, ilikuwa inamwambia wazi kwamba kioo ni kizima na kuna programu inayokifunika. Na hata kama kingekuwa kimekufa kweli, halikuwa lake kuamua kwamba hukihitaji. Kioo hicho ndicho unachomwonyeshea mwenzako hati, ndicho anachokitazama dada yako kompyuta inapokataa kuongea, na ndicho kitakachoipa kompyuta thamani siku ukitaka kuiuza. Ni mali yako, na una haki ya kurudishiwa kikiwa kizima hata kama wewe mwenyewe hukitazami.

Safari nyingine kabla ya kuikabidhi kompyuta kwa mtu yeyote, fanya mambo haya ungali nyumbani. Ondoa pazia na usikie mlio wake, pandisha mwangaza hadi 70, bonyeza Windows na P uhakikishe kwamba picha iko kwenye skrini ya kompyuta yenyewe, kisha iwashe upya. Akikuambia kwamba hakuna picha, muulize inapotea wakati gani: kabla ya sauti ya NVDA kuanza, au baada yake.

Mshauri wako